Mgongo Mkavu

Mtu wa kwanza kumwita Hakikisha alikuwa anamtukana. Alikuwa mteja mmoja mwenye haraka zake. Bomba lake la kupulizia dawa lilikwisha fungwa, likapigwa pampu, likatoa ukungu laini wa kupendeza, na fundi bado analigeuza mikononi kama ajuza anayechagua papai. "Lete bomba langu niende zangu, wewe Hakikisha!" mteja akafoka. Fundi akalipokea tusi lile kama cheti. Kesho yake likawa juu ya mlango wa kibanda, kwa rangi ya mafuta iliyochuruzika kidogo: FUNDI HAKIKISHA, MABOMBA YA DAWA AINA ZOTE. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho, na huko lilipo halimsumbui mtu.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, hatua nne kwa tatu, kando ya barabara ya vumbi inayotoka mashambani kwenda sokoni. Ukutani mabomba ya mgongoni yananing'inia kwa mikanda yao kama watoto waliobebwa kisha wakasahauliwa. Mezani kuna makopo ya maziwa ya unga, lakini ukifunua usitegemee maziwa: hili lina washa, zile pete za mpira za kuzuia maji, lile gololi za valvu, lile nozeli za plastiki za kutolea ukungu, na lile dogo lenye kifuniko kilichobana lina nozeli za shaba, ambazo hawaonyeshi watu wasiojua thamani ya kitu. Miswaki ipo mitatu na hakuna hata mmoja uliowahi kukutana na jino. Hiyo ya kusugulia nozeli. "Nozeli ikiziba haichokolewi kwa msumari, na haipulizwi kwa mdomo," amewaambia watu miaka ishirini. Na miaka ishirini watu wamemletea nozeli zenye tundu la kupita panya, huku wanajilamba midomo na kulalamika kwamba siku hizi chakula hakina ladha.

Nje ya mlango, chini ya kivuli cha bati, lilikaa pipa la bluu la lita mia mbili. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Maji ya bomba la mtaa hutoka mara mbili kwa wiki, yakipenda, kwa hiyo Hakikisha hakumwaga maji hata kwa bahati mbaya. Bomba likishatengenezwa linajazwa kutoka pipani, linapigwa pampu, linapulizwa kurudi pipani humo humo. Likija na mabaki ya dawa tumboni, linasuuzwa, na maji ya kusuuzia nayo yanarudi, yakipitia kitambaa cheupe alichofunga mdomoni mwa pipa ili mchanga usipite. Maji yakazunguka hivyo mwaka hadi mwaka, kama uvumi.

Halafu kulikuwa na ile desturi yake ya mwisho, iliyomtofautisha na mafundi wote. Bomba halikuondoka kwake tupu. Alilijaza lita zote kumi na sita, akamvika mwenye nalo mgongoni, akamwambia, "Tembea mpaka shambani kwako. Mgongo mkavu ndiyo risiti. Ukifika umelowa, rudi nalo, na pesa yako nakupa." Katika miaka ishirini walirudi watu kumi na mmoja, na wanne kati yao lilikuwa jasho. Wateja waliipenda desturi hiyo kwa sababu nyingine kabisa: wakifika shambani maji wanayo tayari, wanatia dawa tu wanaanza kazi. Maji ya bure, tena yamebebwa kwa heshima.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Chapuchapu. Huyu zamani alikuwa anaziba pancha za baiskeli, akahamia kwenye mabomba siku alipogundua kwamba nayo yana mpira. Kila ugonjwa aliufunga kwa utepe wa tyubu kuukuu. Mpira umechanika, utepe. Mpini umevunjika, utepe. Presha hakuna, utepe, halafu maneno matamu. Kujaribu hakujaribu kamwe. "Nijaribu ya nini? Bomba si langu," alikuwa anasema. "Mwenyewe atalijaribu." Mabomba yake yalivuja mpaka njia za kwenda mashambani zikaota majani.

Sasa, Ijumaa moja asubuhi, mama mkwe wake Hakikisha alikuja kibandani na bomba lake mgongoni, kashika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akikibeba mbali na mwili kama panya aliyekufa.

Mama huyu ni mjane, mfupi, ana nusu ekari ya nyanya aliyoigawa mara mbili, shamba la juu na shamba la chini, na ndizo zinazomlisha. Siku Hakikisha alipopeleka posa alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, akauliza, "Fundi wa nini?" Akaambiwa. Akasema, "Haya. Angalau si mwanasiasa." Tangu hapo heshima kati yao ilikuwepo, ila ilikuwa heshima ya kukaa viti vya mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki ni nini?" Akafungua kitambaa.

Hakikisha akainama. "Ni... tawi la nyanya, mama."

"Una hakika?"

Akatazama tena. Hakuwa na hakika. Kikonyo kilijipinda kama mpini wa mwavuli, majani yamesinyaa na kujisokota kama kamba inayosukwa na mtu mwenye hasira. Ilikuwa nyanya, lakini nyanya iliyopata habari mbaya.

"Jumatatu nimechukua bomba kwako," mama mkwe akaanza, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani. "Nimefika nyumbani mgongo mkavu. Jumanne nimetia dawa ya wadudu, nimepuliza shamba la juu, lote. Leo shamba la juu lote liko hivi."

"Dawa, mama. Siku hizi dawa feki ni nyingi."

"Chupa ile ile niliipulizia wiki mbili zilizopita, na lile bomba kabla hujaligusa, lilipokuwa linavuja mpaka viatuni. Nyanya zilicheka. Sasa nifundishe, mwanangu, maana mimi sikusoma. Bomba bovu, nyanya zinastawi. Bomba zima, nyanya zinakufa. Hapo kuna hesabu gani?"

Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili wanaosubiri zamu. Wakasogeleana ili wasikie vizuri. Ng'ambo, Chapuchapu akaacha kukata utepe.

"Mama mkwe!" akaita kutoka huko. "Lilete huku kwangu, mimi huwa siui kitu! Hata inzi ananishinda!"

Watu wakacheka. Damu ikampanda Hakikisha, na mtu damu ikimpanda mdomo hufanya kazi bila kusimamiwa. "Mama," akasema kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "niachie hili bomba. Nitalifungua lote. Na kama na shamba la chini litajikunja kwa bomba lililotoka mkononi mwangu, nafunga kibanda hiki, nachukua jembe, nakuja kulima kwako."

"Kwangu?" mama mkwe akashtuka. "Mungu apishe mbali, nina hasara ya kutosha. Wewe funga kibanda tu. Alhamisi napuliza shamba la chini, wadudu hawatanisubiri. Jumatano jioni nakuja kuchukua."

Akaliacha lile tawi juu ya meza, katikati ya makopo, lishuhudie.

Hakikisha ana kanuni moja ya kutafuta ubovu, na hufundisha yeyote anayesimama karibu kwa muda wa kutosha: badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitano kwa pamoja bomba likapona, hujui kilichokuwa kibaya, umebahatisha tu kama Chapuchapu. Basi Jumamosi alitandika gunia, akalifungua bomba mpaka likabaki mifupa. Washa, safi. Gololi ya valvu, inacheza vizuri kwenye kiti chake. Chujio la mpinini, linaonyesha mwanga. Mpira hauna ufa. Fimbo ya kupulizia imenyooka. Nozeli, ukiitazama kwa jua, tundu lake la duara kama lililochorwa na mwalimu.

Hapo ndipo kizunguzungu kilipoanza. Bomba bovu analijua. Bomba bovu lina adabu: linavuja, linakohoa, linakunyima presha, linakwambia linaumwa wapi. Hili lilikuwa zima. Utamtibu vipi mgonjwa ambaye ni mzima, ila kila anayemsalimia anakufa?

Nyuma ya nyumba yao, iliyo jirani na kibanda, mke wake alikuwa na makopo sita ya pilipili hoho, yamepangwa ukutani, anayapenda kuliko ndugu zake wengine. Hakikisha akayatazama. Akatazama dirishani: mke hayupo. Akachukua chaki, akaandika moja mpaka sita. Akaweka washa mpya, akajaza bomba pipani, akapuliza kopo la kwanza, maji matupu, bila dawa. Akabadilisha gololi, akajaza, akapuliza la pili. Mpira, la tatu. Chujio, la nne. Fimbo, la tano. Nozeli ya shaba, ile ya kopo dogo, la sita. Kifaa kipya kimoja, pilipili moja. Hata chuo kikuu hawafanyi vizuri zaidi, na kule wana ada.

Jumatatu asubuhi aliamshwa na ukelele.

"Baba watoto! Njoo hapa! Njoo uone pilipili zangu!"

Sita zote zilikuwa zimejikunja. Ya kwanza, ya tatu, ya sita, hakuna iliyoonewa huruma. Hakikisha akachuchumaa mbele yake akiwa na nguo ya kulalia. "Zote?" akasema. "Haiwezekani zote. Moja ilitakiwa ipone."

Mke akaona chaki. Akasoma namba moja mpaka sita taratibu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. "Umezipuliza."

"Maji matupu, mama watoto. Maji tu!"

"Maji tu yanafanya hivi?"

"Ndiyo ninachojiuliza!"

"Basi kajiulize kibandani." Akamwonyesha kwa kidole beseni lililokuwa karibu na mlango wa jikoni, lenye miche minane ya nyanya. "Hii ukiigusa, utakwenda kulala na mabomba yako ukutani. Unaona misumari ipo."

Siku hiyo hiyo alipita bwana shamba kwa pikipiki yake, na Hakikisha akamsimamisha. Bwana shamba ni mtu msomi, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Akalipokea tawi, akaligeuza, akavaa miwani, akavua miwani.

"Sababu zinaweza kuwa nyingi," akasema. "Kuna virusi. Kuna joto kali. Kuna upungufu wa madini. Na kuna dawa ya magugu. Ile ikigusa nyanya hata kidogo tu, inafanya hivi hivi. Mlipuliza dawa ya magugu?"

"Hapana. Dawa ya wadudu. Na kwangu maji tu."

"Basi si dawa ya magugu." Akaifuta kwenye daftari. "Zimebaki tatu." Akawasha pikipiki akaondoka na amani yake yote.

Hakikisha akabaki na tatu zisizomhusu. Virusi vya nyanya vikapande pilipili kwa maji matupu? Akaanza kufikiria mambo ambayo mtu mwenye miswaki mitatu hatakiwi kuyafikiria. Akachukua bomba jipya kabisa, lililokuwa ndani ya boksi lake, plastiki ya kiwandani bado inanukia. Akalijaza pipani, akalihakikisha mara mbili, akalipuliza kwenye tawi moja la mche wa bilinganya wa jirani uliokuwa umechungulia uani kwake. Kisha, baada ya kusimama ukingoni mwa barabara muda mrefu kama anayetaka kuvuka mto, akavuka.

"Niazime bomba," akasema bila kumtazama mtu usoni.

Chapuchapu akaweka mkono sikioni. "Nini? Sikusikia. Sema barabara nzima isikie."

"Niazime bomba lako, bwana. Lolote. Lililo na maji."

"Haya, karibu hospitali kuu." Akampa moja lililofungwa tepe mpaka huwezi kujua rangi yake. Lilikuwa na maji ya mtoni tumboni, na kabla Hakikisha hajarudi ng'ambo suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akapuliza tawi la pili la bilinganya ile ile. Yaani kupuliza ni neno la heshima, lilitema.

Jumatano mchana matokeo yakatoka. Tawi lililopulizwa kwa bomba jipya lilikuwa limejipinda. Tawi lililotemewa na uchafu wa Chapuchapu lilikuwa limenyooka, kijani, linang'aa, karibu liseme asante.

Hakikisha akaketi juu ya kreti. Kila alichokijua kilikuwa kimesimama kwa kichwa. Kadiri anavyotengeneza ndivyo anavyoua. Kadiri mtu anavyolipua kazi ndivyo mimea inavyonenepa. Labda nyanya zinapenda kuvujiwa. Labda ukungu laini unazikera, zinataka kutemewa mate kama zamani. Labda ni mikono yake. Akaitazama mikono, mbele na nyuma, ilikuwa mikono. Wazo la kulegeza nati moja makusudi, ili bomba livuje kidogo na liponye, likampitia kichwani, akalifukuza huku anaona aibu.

Jioni mama mkwe akaja. Bomba lilikuwa na kila kifaa kipya. Kilichobaki cha zamani ni mkanda wa kulia tu. Hakikisha alilijaza, kama ilivyo ada, mkono ukienda pipani wenyewe kama mguu unavyojua njia ya kwenda chooni gizani.

"Umeona ubovu?" mama mkwe akauliza.

"Mama... nimebadilisha vyote."

"Sikukuuliza umebadilisha nini."

Hakikisha akamvika bomba. Mama akaondoka na lita kumi na sita mgongoni, mgongo mkavu, na Hakikisha akamsindikiza kwa macho kama anayesindikiza kibanda chake mwenyewe.

Alhamisi alfajiri ukelele ukarudi, na safari hii ulitoka mlango wa jikoni.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?"

Miche minane kwenye beseni. Yote vichwa chini, mabua yamepinda kama ndoano.

"Sijaigusa!" Hakikisha alitoka mbio na kiatu kimoja. "Haki ya Mungu sijaigusa! Hata bomba halipo, mama yako ameondoka nalo!"

"Hukupuliza?"

"Sikupuliza!"

"Basi nani kafanya hivi? Mimi nimeimwagilia tu juzi jioni."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nimeimwagilia? Ilikuwa na kiu!"

"Nauliza umemwagilia kwa kitu gani!"

"Kwa kata. Nitumie nini, bakuli la harusi?"

Kata haina washa. Haina gololi, haina mpira, haina nozeli. Kata haiwezi kuharibika isipokuwa kwa kutoboka. Hakikisha akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza, "Maji... uliteka wapi?"

"Si pipani kwako, wapi pengine? Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Jumapili."

Wote wawili wakageuka kulitazama pipa. Lilikuwa limekaa pale pale chini ya bati, la bluu, limevaa kitambaa chake cheupe kama bibi harusi.

Badilisha kitu kimoja kimoja. Alibadilisha vyote. Maji hakubadilisha. Nani hubadilisha maji? Maji ni maji. Akasogea, akafunua kitambaa, akainama akanusa, na ile harufu kali ya kukera koo ambayo miezi hii yote alidhani ni harufu ya kazi ikampiga puani. Zamani watu wa huku walipulizia wadudu na ukungu tu, basi. Mwaka huu, tangu mvua zianze, watu wote wa mahindi wamechoka na jembe kwa pamoja, wamenunua dawa ya magugu, na mabomba yao yakiziba wanaleta kwa nani? Na mabaki yaliyomo tumboni, alikuwa anasuuzia wapi? Kitambaa kile kilizuia mchanga. Kwa mchanga kilikuwa hodari sana.

Bomba jipya lilikunywa pipani. Uchafu wa Chapuchapu ulikunywa mtoni. Na kila mteja aliyetoka kwake na mgongo mkavu alibeba lita kumi na sita za supu ya mtaa mzima.

"Mama yako," akasema, "anapuliza saa ngapi?"

"Jua likichomoza."

Jua lilikuwa limechomoza. Hakikisha akakimbia. Alikimbia na kiatu kimoja, akapita soko, akapita daraja, akapita watu waliomsalimia wakadhani amefiwa. Njiani akili yake, ambayo kwa siku sita ilikataa kufanya kazi, sasa ikawa inafanya kazi ya hovyo: inamtungia uongo. Sema umesahau nati. Sema linavuja. Lichukue, nenda nalo kisimani, limwage kwa siri, lisuuze, lijaze upya, shamba la chini linapona, kibanda kinabaki, hakuna binadamu atakayejua. Ulikuwa uongo mzuri, umekamilika, hauhitaji hata utepe.

Akamkuta mama mkwe amesimama kwenye tuta la kwanza, bomba liko chini, mfuniko umefunguliwa, kifuniko cha chupa ya dawa mkononi anapima.

"Mama! Usipulize!"

Mama akamtazama, kiatu kimoja na mguu mmoja wa vumbi. "Kuna nini? Linavuja?"

Uongo wenyewe huo, ameletewa kwenye sinia. Alitakiwa aseme ndiyo. Neno moja. Lakini neno lile lilipofika kooni likakutana na miaka ishirini imekaa pale inamsubiri.

"Halivuji!" akasema, tena kwa hasira. "Bomba langu halivuji, mama! Hata tone! Ni maji. Maji niliyokupa yana dawa ya magugu, yametoka kwenye pipa langu. Nyanya zako nimeziua mimi. Lakini bomba ni zima."

Mdudu mmoja alipita akatua kwenye jani la nyanya, bila wasiwasi.

"Yaani," mama mkwe akasema polepole, "umenitengenezea bomba zima kabisa la kunipulizia sumu."

"Ndiyo, mama."

"Bila kuvuja."

"Hata tone, mama."

Mama akafunga chupa ya dawa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Hakikisha akashindwa kujua kama analia au anacheka. Alipoinua uso bado alishindwa kujua. "Nilimwambia binti yangu," akasema mwishowe, akijipangusa macho, "mwanaume mwangalifu ana hatari zake." Hakikisha akashika bomba alimwage. "Wewe! Unamwaga wapi? Hapa? Beba! Beba urudi nalo!"

Akalibeba. Shamba la chini lilipulizwa siku ile ile, saa nne, kwa maji ya kisima na bomba lililoazimwa kwa Chapuchapu. Mama alirudi nyumbani amelowa kuanzia shingoni mpaka visiginoni. Nyanya hazikujikunja.

Kwa hiyo kiapo hakikumfunga, maana shamba la chini lilipona. Ila mama mkwe alitoa hukumu yake pembeni: aende kwa kila mtu aliyemvika bomba tangu mvua zianze, amwambie kwa mdomo wake. Hakikisha alizunguka siku tano, na kila nyumba alitoka amechanganyikiwa zaidi. Mmoja alikataa katakata kuamini. Alikwisha gombana na jirani yake kwamba amemroga mboga zake, na ugomvi umefika pazuri, hataki kuuharibu. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akasema, "Sawa, nimekuelewa. Lakini maji ya bure yapo?" Wa tatu alimfukuza na fagio, na huyo ndiye peke yake aliyemwelewa.

Bwana shamba naye alirudi, akasikiliza, akafungua daftari kwenye ukurasa uliofutwa. "Unaona?" akasema. "Niliitaja." Akakataza pipa lisimwagwe mtaroni, maana mtaro unateremka kwenye bustani za watu. Akaelekeza maji yake yapulizwe kidogo kidogo kwenye magugu ya kiwanja kilichotelekezwa, mbali na mimea na maji. Hakikisha na Chapuchapu, aliyekuja kucheka akabaki kusaidia, wakapuliza siku mbili. Nyanya zilikufa kwa tone; magugu yalipulizwa pipa zima, yakainamisha vichwa siku mbili, siku ya tatu yakaamka. Hakikisha alisimama akayatazama muda mrefu.

Siku hizi pipa halipo. Mteja anakuja na dumu la maji yake, na bomba linasuuzwa mara tatu kwa maji ya mwenyewe na sabuni kabla halijaguswa. Waliopulizia magugu bomba lao limechorwa msalaba mwekundu, na halikai ukuta mmoja na mengine. Desturi ya kuondoka na bomba limejaa ameiacha. Wateja wamepungua, wengine wamevuka barabara.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja na bomba lake na dumu lake. Washa ilikuwa imechoka. Hakikisha akaiweka mpya, akapaka grisi kidogo, akafunga, akaligeuza mikononi kama papai. Mama mwenyewe akamimina maji ya kisima kutoka dumuni, lita zote kumi na sita, akakaza mfuniko.

"Vaa," akasema.

"Mimi, mama?"

"Kwani anayetaka kujua kama linavuja ni nani?"

Akavaa. Mama akamwonyesha daraja kwa kidole. Hakikisha akaanza kutembea, jua la saa saba utosini, lita kumi na sita mgongoni, mama mkwe nyuma yake hatua tatu, macho kwenye shati. Chapuchapu alitoka nje kuangalia, utepe mkononi. Walipofika darajani wakasimama. Hakikisha alihisi unyevu katikati ya mabega, unateremka taratibu kufuata uti wa mgongo. Alijaribu kuusikiliza, kama anavyosikiliza valvu. Maji ya kisima ni baridi. Huu ulikuwa vuguvugu. Lakini jua lilikuwa kali, na bomba jeusi hupasha maji.

Mama mkwe akaweka kiganja kwenye shati. Akanusa vidole.

"Jasho," akasema.

"Una hakika, mama?"

Mama akanusa tena. Akafikiri.

"Sina," akasema. "Geuka. Turudi."